Sahihi ya Mama Rispa

Migori,
12 Januari 2025

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mjukuu wako Marion. Sisi wazima. Ninakuandikia kwa sababu nikikupigia simu utajibu "ndiyo" kwa kila kitu, kisha shemeji Frankline aniambie baadaye kwamba hukusikia hata neno. Tangu masikio yako yaanze kukusumbua nimejifunza kuandika upya. Barua hii nimempa Wangwe wa ofisi ya mizigo pamoja na katoni ya sabuni. Akikuambia imepotea, usimwamini, mwambie aangalie chini ya kiti chake.

Mama, nataka kusafiri. Naenda Istanbul, Uturuki, siku tisa mwezi wa Aprili, peke yangu.

Najua umeiweka barua chini. Ichukue tena, tafadhali. Butiki haijafa, ila imesimama. Kila gauni ninalonunua Nairobi, Migori yote imeshaliona. Tena magauni yenyewe yanashonewa watu wembamba. Wateja wangu ni akina mama wenye mikono ya jembe na ya kubeba karai la samaki. Wakivaa, mshono wa kwapa unaachia kabla mchungaji hajamaliza ombi la kufungua. Nataka kwenda kujionea mwenyewe wenzetu wanavyokata nguo ya mwanamke mnene. Siku tatu za kwanza sinunui chochote, natembea tu na daftari. Kisha siku nne za kununua, na moja ya kufunga mzigo.

Obare, yule wakala wa safari hapa mjini, alitaka niende na kundi la wafanyabiashara wenye kiongozi. Nimekataa. Kundi likirudi, maduka kumi yanauza gauni lile lile.

Nina maombi mawili. Marion akae kwako. Nimefikiria hata ahamie shule ya hapo karibu nawe kuanzia muhula wa pili, asihangaike. La pili ni barua ya viza. Obare anasema watu wa viza humwogopa mjane anayesafiri peke yake, hudhani hatarudi. Kwa hiyo mkubwa wa familia aandike ukurasa mmoja: kwamba ananijua, kwamba mtoto wangu yuko kwake, na kwamba nitarudi. Atie sahihi. Obare anaitaka kabla Februari haijaisha. Bila hiyo hakuna safari.

Tangu mwanao Ochieng atuache, huu mwaka wa nne, sijakuomba jambo kubwa. Hili ni kubwa.

Wako,
Bitutu


Homa Bay,
20 Januari 2025

Nyar Kisii,

Barua imefika, na sabuni pia. Wangwe hakusema kitu. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama.

Ni jambo jema mtu kuona mbali. Lakini nina maswali. Huko hotelini, anayelala chumba cha pili ni nani? Ukienda msalani, mkoba unashikwa na nani? Na kama ni kutazama mikono ya magauni tu, kwa nini uende peke yako, wakati hata kwenda Oyugis kununua ndizi watu huenda wawili? Pia nimeangalia kalenda uliyofunga ndani ya bahasha. Tarehe kumi na tisa Aprili, siku yako ya kuondoka, ni Sabato. Mwambie huyo Obare kwamba ndege ipo hata Jumapili.

Nimeona safari nzuri ni ile yenye oda ya mtu. Kwa hiyo nimekufungia vipimo vya watu ishirini na watatu, ukoo wetu wote, kifua, kiuno, mabega na urefu. Nimewapima kwa mikono yangu. Frankline nilimwambia ni sare ya kwaya. Mke wa shemeji yangu Elkanah nilimwambia ni zawadi, akavuta tumbo ndani, kwa hiyo kiuno chake ongeza inchi mbili. Nataka kitambaa kimoja kwa wote, zambarau iliyoiva, kizito kidogo, kisichong'aa. Ukirudi nacho usikikate mpaka nikuambie. Na usimpe mtu mwingine akuletee. Ukibebe wewe.

Marion mlango anaujua. Ile barua ya viza tutaizungumza.

Nimekutumia samaki wakavu. Wasikae kwenye katoni, watanuka duka zima.

Mama Ochieng


Migori,
26 Januari 2025

Mama,

Nimecheka mpaka kastoma akaniuliza kama nimepata mchumba. Kumbe mna harusi na mnanificha! Watu ishirini na watatu, kitambaa kimoja, usikate mpaka uambiwe. Mwambie shemeji Frankline nimeshamgundua. Huyo msichana ni wa wapi? Ni wa kanisa letu au mmekubali Mkatoliki? Zambarau kwa familia ya bwana harusi itapendeza sana, mradi bibi harusi asiipende pia.

Nimeanza kuchora. Wanaume nawawekea shati lenye kola ndogo, akina mama gauni lenye mkono mpana usiobana. Nimepata raha ambayo sijaipata muda mrefu, Mama. Hata Marion ameniuliza mbona naimba.

Jambo moja tu. Umesahau vipimo vyako. Nimepitia orodha mara mbili, kila mtu yupo, hata mtoto wa Elkanah wa miezi saba, ila wewe. Mama wa bwana harusi hawezi kuvaa nguo ya kabatini. Nitumie haraka.

Na barua ya viza, Mama. Obare amenipigia jana. Safari ameisogeza hadi Jumapili tarehe ishirini, narudi ishirini na nane, Jumatatu. Kimebaki kikaratasi chako.

Bitutu


Homa Bay,
2 Februari 2025

Nyar Kisii,

Frankline hana mchumba. Ana pikipiki, na anaitunza kuliko wengi wanavyotunza wake zao. Usimsumbue.

Vipimo vyangu havihitajiki kwa oda hiyo. Usiniulize zaidi.

Kuhusu barua, nimekaa na karatasi mezani siku nne. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, na walimu wenzangu walijua kwamba Rispa haandiki mvua imenyesha kama hajalowa. Unataka niandike kwamba ninakujua. Hilo naweza. Kwamba mtoto yuko kwangu. Naweza pia. Kwamba utarudi. Hapo kalamu inasimama. Ninakuuliza kama ninavyomuuliza mtoto darasani, bila kiboko: unajua?

Mama Ochieng


Migori,
5 Februari 2025

Mama,

Nimefunga duka saa nne asubuhi.

Jana nilitandaza ile orodha juu ya meza ya kukatia, nipige hesabu ya mita. Nikaitazama kwa macho ya kazi yangu. Mama, oda kama hizo mimi napokea kila mwezi. Familia nzima, rangi moja, na mtu mmoja tu hayupo. Huyo asiyekuwepo ndiye anayezikwa. Ninazijua orodha hizo kama ninavyoujua mkasi wangu, na bado nilikuchorea kola za harusi. Nimeaibika.

Ni ugonjwa gani? Umeenda hospitali lini, na nani? Nimempigia Frankline, anaapa hajui kitu, anasema unakula vizuri na jana ulimkemea fundi wa paa. Lakini wewe unaweza kuficha moto chini ya nguo. Sasa ndiyo naelewa mbona unaniuliza kama najua nitarudi. Unaniuliza kama nitakukuta.

Siendi popote. Leo jioni namwambia Obare afute kila kitu. Jumapili nakuja na Marion, na tutaenda kwa daktari pamoja, upende usipende. Istanbul haina mama mkwe wangu.

Bitutu


Homa Bay,
7 Februari 2025

Nyar Kisii,

Barua hii nimempa mtu wa Elkanah ailete mkononi, ikufikie kabla hujaongea na Obare. Kama umeshaongea, rudi ukaongee tena.

Mimi si mgonjwa. Presha yangu ni ile ile, na magoti ni yale yale. Vipimo vile ni vya matanga yangu, hapo umesoma sawa. Lakini sifi. Yaani nitakufa, ila sina tarehe.

Sasa nisikilize, maana kusema hili ni kugumu. Ulipoandika kwamba unaenda siku tisa, nilifurahi. Nikafika pale uliposema Marion ahamie shule ya huku kuanzia muhula wa pili. Bitutu, mimi ni mwalimu. Aprili shule zimefungwa. Safari yako yote imo ndani ya likizo, ukirudi ndiyo siku ya kufungua. Nani anahamisha mtoto shule kwa ajili ya likizo? Nikajua kwamba kuna barua nyingine ndani ya hiyo barua, na hukuniandikia.

Ndipo nikatafuta kamba ya kukufunga. Nikaona mtu anaweza kukimbia na mali, anaweza kukimbia na ahadi, lakini hakuna anayekimbia na nguo ya msiba ya watu wengine. Atairudisha hata akiwa na hasira. Nikazunguka na futi ya kupimia siku sita, nikiwadanganya watu wazima, na magoti haya. Sikukusudia kukutisha. Nilikusudia urudi.

Umekuwa ukihangaika kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa nakuwinda. Nimeona haya. Lakini swali langu halijajibiwa.

Mama Ochieng


Migori,
16 Februari 2025

Mama,

Ile Jumapili sikuja, kwa kuwa nilishasoma kwamba wewe mzima. Siku tisa, kila nikianza kukujibu, nachana barua.

Unamkumbuka Emmaculate wa Oyugis, tuliyejifunza naye cherehani? Yuko Istanbul mwaka wa pili, kwenye karakana ya magauni. Desemba alinipigia. Bosi wao anatafuta mtu anayejua kushona saizi kubwa, kwa mkataba wa miaka miwili. Alimwonyesha picha za kazi yangu, bosi akasema nije anione. Sikumwambia ndiyo. Sikumwambia hapana. Nikaanza kupanga safari ya siku tisa, na safari ni ya kweli, daftari ni la kweli, mikono ya magauni ni ya kweli. Halafu nikasikia mkono wangu ukiandika habari ya shule ya Marion. Sikuwa nimepanga kuiandika. Nilipoisoma katika barua yako niliona kama ni mtu mwingine aliyeiandika.

Kwa hiyo umeuliza kama najua. Sijui, Mama. Asubuhi nikifungua duka najua kabisa kwamba nitarudi. Nikienda sokoni kununua mboga, mtu akaniita "mjane wa Ochieng", nikifika nyumbani sijui tena. Naogopa nikibaki nitaitwa hivyo mpaka nywele ziwe nyeupe. Naogopa nikienda Marion atakua akiniona kwenye simu. Nilimpenda mwanao. Bado nampenda, na bado nataka kitu ambacho hakimo ndani ya kaburi lake. Nikijaribu kuyapanga haya, yanachanganyika kama nyuzi kwenye droo.

Obare bado anangoja, sikumfutia. Lakini usiandike uongo kwa ajili yangu. Usipoandika sitakulaumu, nitanunua Nairobi kama wengine.

Bitutu


Homa Bay,
23 Februari 2025

Bitutu,

Nilikasirika. Sikufichi. Nilisugua sufuria zilizokuwa safi, na Frankline akaona heri aende kulala mapema. Kesho yake nikamweleza shemeji Elkanah, kwa sababu ndiye mkubwa wa kiume aliyebaki. Akasema mke wa nyumba hii akitaka kwenda miaka miwili, kwanza wazee waketi. Nikamwambia aketi, viti vipo.

Alipoondoka nikawa nawaza. Tumekuita Nyar Kisii miaka kumi na miwili. Huku kwetu mke huitwa kwa alikotoka, nyar, binti wa watu fulani, hata akizeeka hapa, hata akizikwa hapa. Mimi mwenyewe naitwa Nyar Uriri mpaka leo, na niliondoka Uriri kabla barabara haijatiwa lami. Sikuwahi kuliona kuwa jambo. Juzi nimeliona.

Nina mabinti wawili niliowazaa. Waliondoka hapa wakaenda kwa watu wengine. Nililia, lakini sikumzuia hata mmoja, maana binti ni wa kwenda. Na wakija, hata bila taarifa, hata na mabegi, hakuna anayewauliza wamefuata nini. Wewe umekuja kila sikukuu, umenilipia miwani, umenishika mkono kaburini kwa Ochieng wakati mabinti zangu walikuwa wamezimia. Na wewe ndiye niliyekutafutia kamba. Kwa nini? Kwa sababu mke wa mwana ni wa kukaa. Nilikuwa nakupenda na kukulinda kama mali ya boma, yote mawili, na sikujua lipi ni lipi.

Kwa hiyo nimeandika. Ile oda ya zambarau ifute. Nikifa, watu wavae walicho nacho. Barua ya viza ni hii hapa chini. Isome kabla hujampa Obare.

Mama yako,
Rispa


Kwa Anayehusika,

Mimi, Rispa Adhiambo, mwalimu mstaafu, mkazi wa Homa Bay, naandika kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu.

Bitutu ni binti yangu. Mtoto wake, Marion, mwenye miaka tisa, atakuwa kwangu siku zote ambazo mama yake atakuwa safarini. Bitutu anakwenda kutazama nguo na kununua nguo, kazi anayoiweza kuliko yeyote ninayemfahamu.

Mnataka niseme kama atarudi. Hilo sijaliona kwa macho yangu, kwa hiyo silitii sahihi. Ninalothibitisha ni kwamba kwangu ana mahali pake, akirudi mapema, akirudi amechelewa, au akija kunisalimia tu na kwenda tena.

Rispa Adhiambo


Migori,
27 Februari 2025

Mama,

Obare amesoma barua yako akashika kichwa. Anasema ina makosa mawili makubwa. La kwanza, hati zangu zote zinaonyesha wewe ni mama mkwe, kwa hiyo neno "binti" ni la uongo. La pili, ile sentensi moja inayotakiwa ndiyo uliyokataa kuiandika. Alitaka aichape upya, aiweke vizuri, na mimi nikutilie sahihi. Anasema watu hufanya hivyo kila siku.

Nilimwambia binti si uongo, na sahihi ya mwalimu Rispa haiigizwi. Amepeleka barua yako kama ilivyo. Huenda viza ikakataliwa. Nimekubali iwe hivyo.

Lakini akasema sentensi lazima iwepo mahali. Nikamwomba karatasi, pale pale kwenye kaunta yake, watu wakiwa kwenye foleni nyuma yangu. Nikaandika: Mimi, Bitutu, nitarudi Kenya tarehe 28 Aprili 2025. Nikatia sahihi. Mama, sikulijua hilo mpaka nilipoliona limeandikwa. Nililia mbele ya watu, na mwanamke mmoja akanipa leso akidhani nimefiwa.

Kuhusu miaka miwili, bado sijui, na sitakudanganya kwamba najua. Nimemwambia Emmaculate nitakuja kuiona karakana, nitaketi kwenye kiti cha cherehani wanachotaka kunipa, kisha nitarudi nyumbani. Marion atabaki shuleni kwake. Na ikiwa siku moja nitaona ni vema kwenda, sitaondokea Uturuki, wala uwanja wa ndege, wala duka la Obare. Nitakuja Homa Bay kwanza. Nitaketi sebuleni kwako, nimwambie mtoto wangu mwenyewe, nikuambie wewe kwa sauti kubwa mpaka usikie, na Elkanah awepo kama anataka. Kisha unisindikize mlangoni, kama ulivyowasindikiza mabinti zako wale wawili.

Binti yako,
Bitutu